Siku ya Tatu Mpe Jembe

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii yajulikana nchi nzima. Mwalimu Nyerere aliitumia mwaka 1962 alipoandika juu ya ujamaa, ili kuonyesha kwamba katika jamii zetu za kale hapakuwa na nafasi ya mtu wa kula bila kufanya kazi. Hivyo ndivyo wengi wetu tulivyozoea kuifahamu: ni karipio kwa mvivu. Leo twapenda kuitazama kwa upande mwingine, kwa maana siku hizi wako wageni wengi ambao si wavivu hata kidogo. Wanafika kijijini na majembe yao wenyewe, mapya, waliyoyanunua mjini.

Twasema habari za nani? Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012 mkoa wa Pwani ulikuwa na watu wapatao 1,100,000. Katika hesabu ya mwaka 2022 walikuwa 2,024,947. Kwa muda wa miaka 10 tu idadi ilikaribia kuwa maradufu. Hapana shaka wengi wa walioongezeka hawakuzaliwa huko. Walihamia, na wengi wao walitoka Dar es Salaam. Wengine hushika barabara ya Morogoro, wakapita Kibamba na Kiluvya, wakatafuta kiwanja Kibaha. Wengine hushika njia ya Gongo la Mboto na Pugu, wakapanda vilima mpaka Kisarawe. Ni mwalimu aliyestaafu, ni muuguzi, ni karani, ni mama muuza vitambaa aliyechoshwa na kodi ya vyumba viwili vya uani. Hununua kipande cha ardhi. Huanza na chumba kimoja na choo. Huhamia kabla madirisha hayajatiwa, wakaendelea kujenga huku wamekwisha kuingia. Jumamosi baba hufyatua tofali, mama hupanda mihogo, na watoto husomba maji.

Familia za namna hii zastahili heshima. Nazo ndizo zinazotuletea swali la leo: mtu anayehamia shamba afanye nini kwa mkono wake mwenyewe, na ni kipi amwachie mwingine? Wako watakaosema kwamba hilo ni swali la mfuko tu. Mwenye fedha ataajiri, asiye nayo atajifanyia. Sisi twaona sivyo. Kwa kila kazi anayoifanya au asiyoifanya kwa mkono wake, mtu huyu anajenga au anabomoa kitu kingine kisichoonekana, nacho ni ujirani wake na watu aliowakuta pale.

Kwanza tuisifu kazi ya mikono, kwani bado yahitaji kusifiwa. Tumelelewa, na tungali tunawalea watoto wetu, katika mawazo kwamba aliyesoma hashiki chepe. Mtoto akifeli mtihani twamwambia, “Utakwenda kulima,” kana kwamba kulima ni adhabu ya mahakama. Yafaa kukumbuka kwamba Kibaha yenyewe ina ushahidi wa mawazo mengine. Mwaka 1963 palianzishwa pale kituo kwa ushirikiano wa Tanganyika na mataifa ya kaskazini mwa Ulaya, yakiwamo Sweden, Norway, Denmark na Finland. Shule ya sekondari, huduma ya afya na mafunzo ya wakulima viliwekwa mahali pamoja. Mwaka 1970 serikali yetu ilikabidhiwa kazi hiyo, na hilo ndilo Shirika la Elimu Kibaha tunalolijua. Wazo lake lilikuwa jema: kitabu, dawa na jembe ni vitu vya nyumba moja, wala kimoja hakioni haya kukaa karibu na kingine.

Tena mkono hufundisha mambo ambayo sikio halifundishiki. Mtu aliyejenga ukuta mmoja kwa mikono yake hataudharau tena ujira wa mwashi. Amekwisha kujua jinsi timazi inavyomwumbua mwenye haraka. Amejua kwamba tofali la saruji lisipomwagiwa maji siku 7 chini ya jua letu la Pwani hukauka upesi likawa dhaifu, na kwamba mwenye kulipunguzia saruji ili apate tofali nyingi kwa mfuko mmoja anajiibia mwenyewe. Kazi haidanganyiki. Karani aliyezoea kuona kosa likifutwa kwa kalamu hukutana na ukuta uliopinda, na ukuta huo haubembelezwi. Hubomolewa ukaanzwa tena. Ni shule njema kwa mtu mzima, na ni shule njema zaidi kwa kijana anayemtazama baba yake akianza tena bila kutukana mtu.

Yako pia mambo madogo ambayo familia yaweza kuyafanya yenyewe na yakawa na faida kubwa kuliko yanavyoonekana. Tuchukue mfano mmoja, maji ya mvua. Kila milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba huwa lita moja. Nyumba ambayo paa lake la bati lafunika mita za mraba 60 hupokea lita 1,200 katika mvua moja ya milimita 20, nayo si mvua ya ajabu wakati wa masika. Hizo ni pipa sita za lita 200. Ni ndoo 60 za lita 20 ambazo mama na binti zake hawatazitwika kichwani. Hata kama sehemu yake itapotea njiani, kilichobaki ni kingi. Na kinachotakiwa ni nini? Ni mfereji wa bati kwenye ukingo wa paa, bomba la kuteremsha, chombo chenye kifuniko ili mbu wasizaliane, na akili ya kuyamwaga maji ya kwanza yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege. Baba mwenye nyundo, misumari na ngazi aweza kuifanya kazi hiyo katika siku mbili. Asipoifanya, si kwa sababu hana uwezo. Huenda ni kwa sababu si yeye anayebeba ndoo. Hapo tayari twaona kwamba kazi ya mikono ni jambo la maadili: atakayeamua ni ipi ianze, mfereji wa maji au kibaraza cha kupumzikia, anaamua pia ni mgongo wa nani utakaoumia.

Basi, je, tuseme kwamba mtu mwema ni yule anayejifanyia kila kitu? Hapana. Hapa ndipo wengi wanapokosea, na kosa lao lina sura nzuri kiasi kwamba halitambulikani upesi.

Sura ya kwanza ya kosa hilo ni ubahili uliovaa nguo za bidii. Ardhi ile aliyoinunua mgeni haikuwa tupu. Ilikuwa ya mtu. Mara nyingi ilikuwa ya mzee aliyeuza ili alipe deni la ugonjwa, au ya ndugu waliogawana urithi wakauza kabla ya kufikiri. Fedha za kiwanja huisha. Huko Pwani kila mtu anao mfano wa jirani yake ambaye bei ya ekari mbili ilikwisha ndani ya mwaka mmoja. Kisha watoto wa yule mzee hubaki na mikono yao tu. Wanajua kuchimba msingi, wanajua kukata fito, kukwea mnazi, kufyeka pori. Mgeni anapokuja na mshahara wake au malipo yake ya uzeeni, kisha akasema, “Mimi najitegemea, sihitaji kibarua,” yafaa ajiulize: je, najifanyia kwa kuwa napenda kazi, au kwa kuwa sitaki shilingi yangu ifike kwa mtu ambaye jana ardhi hii ilikuwa yake? Jibu la swali hilo analijua yeye na dhamiri yake.

Ubahili huo una ndugu yake mbaya zaidi, naye ni kuajiri na kutolipa inavyopasa. Kijana huchimba shimo la choo siku tatu, kisha huambiwa arudi mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi huambiwa kazi haikuwa nzuri. Mwajiri akisha kushika chepe mwenyewe Jumamosi mbili anajidhania kuwa mjuzi wa thamani ya kazi, akaipunguza. Lakini kushika chepe kulipasa kumfunze kinyume chake! Aliyechimba futi tatu akaona mgongo wake unavyomwuma, amepata wapi moyo wa kumpunja aliyechimba futi 12?

Sura ya pili ya kosa ni kuhatarisha watu kwa ujuzi wa nusu. Mkono wangu ni halali yangu maadamu hatari yake ni yangu. Nikipachika rafu ikaanguka, chombo kilichovunjika ni changu. Bali nyaya za umeme ndani ya nyumba wanamolala watoto si mahali pa kujifunzia; serikali imeweka utaratibu wa leseni kwa mafundi wa kazi hiyo, wala haikufanya hivyo kwa kuwachukia maskini. Vivyo hivyo kisima. Udongo wa kichanga, ulio mwingi katika Kibaha, huanguka bila kupiga hodi, na ndani ya shimo refu hewa yaweza kuwa mbaya bila harufu yoyote. Mtu asimteremshe humo mtoto wa jirani kwa ujira mdogo eti kwa sababu yeye mwenyewe anaogopa. Na choo cha shimo: mabwana afya hushauri kiwe mbali na kisima, walau mita 30, tena kisima kiwe upande wa juu wa mteremko. Katika kiwanja kidogo mita 30 ni nyingi. Huenda zikavuka mpaka. Maana yake ni kwamba mahali pa choo changu hapapimwi kwa kutazama kisima changu peke yake, bali na cha jirani pia. Ni wangapi waliochimba choo kabla ya kwenda kuuliza jirani anachota maji wapi?

Hata shambani ni hivyo. Mgeni hupewa vijiti vya mihogo na yeyote, akavipanda bila kuvichunguza. Mhogo wenye batobato au michirizi kahawia huendeleza ugonjwa kwa vijiti vyake, na wadudu huusambaza kwenye mashamba ya karibu. Kibaha kuna kituo cha utafiti wa kilimo kijulikanacho kwa miwa na mihogo. Ni karibu, na kuuliza si aibu. Shamba la wikiendi la mtu wa mjini likiugua, yeye hununua unga dukani. La jirani likiugua, watoto wake hulala na njaa.

Twafika sasa kwenye kiini cha jambo. Kosa la tatu si la ubahili wala la uzembe; ni kosa la fikra, nalo hupatikana hasa kwa watu wema na wenye juhudi. Ni kudhani kwamba kujitegemea maana yake ni kutomhitaji mtu. Mtu huyu hununua ngazi yake, toroli lake, sururu yake, pimamaji yake. Akikosa kitu, huenda mjini akakinunua. Hujivunia kwamba tangu alipohamia hajagonga mlango wa mtu kuomba hata kiberiti. Akiulizwa, husema kwamba hataki kuwasumbua watu. Naye kijiji hakimsumbui. Baada ya miaka mitano anashangaa kwamba bado aitwa “yule wa mjini”.

Ulimwengu unamjua mtu mmoja anayetajwa sana na wapenzi wa kujijengea, Mmarekani Henry David Thoreau. Mwaka 1845 alijijengea kibanda cha mbao kando ya ziwa dogo la Walden katika Massachusetts, akakaa humo miaka miwili na zaidi kidogo, akaandika hesabu ya kila senti aliyotumia. Watu humchukua kuwa shujaa wa kuishi peke yake. Lakini tukisoma habari zake kwa makini, twakuta kwamba kiwanja kilikuwa cha rafiki yake Emerson. Shoka la kuanzia kazi aliliazima, akalirudisha likiwa kali kuliko alivyolipokea. Na siku ya kusimamisha boriti za nyumba aliwaita rafiki na majirani wakamsaidia. Mwenyewe aeleza kwamba aliwaita kwa ajili ya ujirani zaidi kuliko kwa shida. Mtu huyo, ambaye hakukosa nguvu wala akili, alifahamu kwamba siku ya kuinua nyumba ni siku ya kupata jirani, na anayeinua peke yake ameipoteza.

Jambo hilo Wazaramo na watu wote wa Pwani walilijua kabla ya vitabu. Nyumba ya miti na udongo haikandikwi na mtu mmoja. Nguzo zaweza kusimamishwa na wawili, fito zaweza kufungwa pole pole na mwenyewe. Lakini siku ya kukandika watu hukutana: hawa wanachota maji, hawa wanakanyaga udongo, hawa wanaujaza ukutani kwa viganja, na nyuma ya nyumba chungu kiko mafigani. Udongo ukikauka hubaki na alama za vidole vya watu wengi. Kila mmoja wao akipita njiani huona kwamba nyumba ile ni yake kidogo. Moto ukiwaka atakuja mbio, mwizi akiingia atapiga kelele. Siku hizi tunajenga kwa tofali na bati, na hatusemi turudie udongo. Twauliza tu: tuliiacha nyumba ile pamoja na nini?

Nchi yetu ina fundisho jingine upande wa pili. Kati ya mwaka 1973 na 1976 mamilioni ya Watanzania walihamishiwa katika vijiji vya pamoja. Mahali pengi watu walihimizwa kusimamisha nyumba kwa haraka, karibu karibu, kwa mistari. Nia ilikuwa kuwaweka pamoja ili wapate shule, maji na zahanati. Lakini baadaye wengi walirudi pole pole kwenye mashamba yao ya zamani. Kuta zilisimama kwa amri. Ujirani haukusimama kwa amri. Nasi leo twaona namna yake nyingine: kuta zinasimama kwa fedha na kwa bidii ya mwenye nyumba, wala ujirani hausimami kwa hizo pia.

Basi turudi kwenye methali. Tuliisoma kama amri kwa mgeni: fanya kazi! Lakini maneno yake yenyewe hayamwambii mgeni. Yanamwambia mwenyeji: *mpe* jembe. Jembe latoka kwa mwenyeji. Kumpa mgeni jembe ni kumwambia: umekwisha kuwa mtu wetu, lima hapa, usilime pale, udongo huu hutaka hivi, na sisi tutakuhesabu katika kazi zetu. Ndiyo maana anayekuja na jembe lake jipya kutoka mjini hajafika bado siku ya tatu, hata akiwa amekaa miaka mitatu. Atafika siku atakapopokea jembe la mtu mwingine mkononi mwake, yaani atakapokubali kufundishwa, kusaidiwa na kudaiwa msaada. Kujitegemea kwa kweli si kutodaiwa na mtu. Ni kuwa mtu ambaye wengine waweza kumtegemea, naye hatahayari kuwategemea.

Tukilikubali hilo, swali letu la mwanzo lapata jibu, nalo si gumu kulikumbuka. Kazi inayokufunza na isiyomdhuru mtu, ifanye kwa mkono wako. Kazi ambayo kosa lake laweza kumwua au kumwumiza mwingine, mpe fundi aliyehitimu. Kazi ambayo ni mkate wa jirani yako, nawe una uwezo wa kuilipa, mpe jirani, umlipe siku ileile. Na kazi moja walau, hata kama waiweza peke yako, wacha ifanywe na wengi, kwa chakula na mazungumzo.

Yako mambo mengine ambayo mwenye kujenga yafaa ayapime kwa kanuni hiyo. La kwanza ni njia. Viwanja vingi huko Kisarawe na Kibaha vilikuwa mashamba, na mashamba yana vijia vya watu wendao kisimani, shuleni na msikitini. Mgeni huja na hati yake ya mauzo, akazungusha ukuta, kijia kikafa. Huenda sheria iko upande wake. Lakini bibi kizee sasa azunguka mwendo mrefu na ndoo kichwani, na kila hatua anamkumbuka aliyejenga. Je, isingewezekana kuacha futi sita pembeni? Ua wa minyaa au wa michongoma hauna haja ya kuziba kila kitu. La pili ni makaburi. Aliyeuza shamba mara nyingi aliacha humo wazee wake wamelala. Mwenye kununua asiseme kwamba hakuambiwa. Aulize kabla ya kuchimba msingi, na akiyakuta ayazungushie kigingi, awaache wenyewe waje kufagia. La tatu ni miti. Mkorosho au mwembe uliopandwa na babu wa muuzaji ukikatwa asubuhi ya kwanza ili gari lipate nafasi, kijiji kizima kimekwisha kupata habari za tabia ya mgeni.

Na la nne latuhusu sisi Wakatoliki hasa. Wenyeji wengi wa sehemu hizo ni Waislamu. Familia zetu zinazohamia huko hupenda kufuga, na katika kufuga wengine huchagua nguruwe, kwa maana huzaa haraka na soko lipo. Hatusemi ni haramu kwetu. Twajua si haramu. Twasema tu kwamba banda la nguruwe lililojengwa kando ya kisima cha jirani Mwislamu, upande upepo unakotoka, ni tangazo. Latangaza kwamba mwenye banda ameangalia haki yake, hakuangalia macho ya mwenzake. Haki ya kufuga haipotei kwa kulijenga banda mbali, kulizungushia ua na kwenda kwanza kusema na jirani. Kuku na mbuzi nao huzaa. Mtu akishindwa kuacha faida ndogo kwa ajili ya amani, ataieleza vipi imani yake kwa watu hao?

Twajua pingamizi litakaloletwa. Mtaniambia: “Baba, wewe wawasema wageni tu. Hujui jinsi wenyeji wanavyotufanya. Kiwanja kimoja huuzwa kwa watu watatu. Kibarua akijua watoka mjini bei huwa mara mbili. Tofali zikilala nje, asubuhi zimepungua. Utamkaribishaje mtu anayekuibia?” Twakubali kwamba mambo hayo hutokea, na ni dhambi, wala umaskini hauigeuzi dhambi kuwa kitu kingine. Anayeuza ardhi moja mara mbili amewaibia watu wawili na kuwatia katika ugomvi watoto ambao hawajazaliwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imeweka usimamizi wa ardhi ya kijiji mikononi mwa halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote. Viongozi wanaotia mihuri bila kwenda kuona mipaka wamekula amana ya watu. Na mwenyeji kumtoza mgeni bei ya pekee ni kumfukuza kwa adabu. Methali yampa mwenyeji kazi yake: ampe jembe. Asimwuzie jembe!

Lakini jibu la ubaya huo si ukuta mrefu na kinywa kilichofungwa. Mwizi wa tofali hajulikani na mwenye ukuta. Hujulikana na majirani, nao watasema kwa mtu wanayemjua, na kwa asiyejulikana watanyamaza. Mpaka hauhifadhiwi na karatasi peke yake, bali na wazee walio hai wanaokumbuka mnazi ulisimama wapi. Kwa hiyo hata mwenye kutafuta usalama wake tu, bila wema wowote, angepaswa kuanza na watu. Sisi twataka aanze nao kwa sababu bora kuliko hiyo.

Tuwageukie mwisho watoto, kwa kuwa nyumba hizi zote zajengwa kwa ajili yao. Mtoto aliyehamia Kibaha akiwa na miaka minane atajifunza mambo mawili kwa kutazama. Akimwona baba anafunga mfereji wa maji ya mvua, mama anatengeneza tuta la mihogo, na yeye mwenyewe anapewa kazi ya kumwagia tofali kila jioni, atajua kwamba vitu vizuri haviji vyenyewe. Hilo ni fundisho kubwa. Lakini akiona pia kwamba jirani alipofiwa baba yake aliacha saruji iliyokwisha changanywa ikaganda, akaenda kuchimba kaburi pamoja na wengine, amejifunza kubwa zaidi. Mfuko wa saruji utapatikana tena. Siku ya msiba hairudi, na wenyeji wa Pwani humhesabu mtu kuwa wao kwa kumwona mazikoni kuliko kwa kuiona nyumba yake.

Wazazi mnaohama mwaka huu, nendeni kwa moyo mkuu. Chukueni nyundo na misumari, jembe na chepe. Visiwepo vya kuwaonea haya. Lakini kabla ya kufungua mfuko wa kwanza wa saruji, vukeni kijia, mkapige hodi kwa jirani, mkae kwenye mkeka wake, mkamwulize upepo watoka wapi wakati wa kusi, maji hupita wapi wakati wa masika, mchwa wamezidi upande gani, na wazee wake wamelala wapi. Mwombeni jembe, hata kama mnalo. Mkalirudishe jioni likiwa limenolewa.